Je, Wajua? Mlima Uliojificha Ndani ya Kisanduku

Saa tatu kasoro usiku, taarifa ya habari ikielekea ukingoni, mtangazaji anasoma utabiri wa kesho mkoa kwa mkoa. Huko Shume, juu ya Usambara Magharibi wilayani Lushoto, mkulima amejifunika blanketi kando ya mafiga, redio imeegemezwa dirishani. Ana swali moja tu: kesho apulizie viazi dawa, au mvua itaiosha?

Sentensi ile fupi ya redioni imetoka mbali. Ndani yake kuna maputo, setilaiti, hesabu zilizoanza kupigwa kwenye uwanja wa vita huko Ufaransa, na kompyuta zenye ukubwa wa ukumbi. Haya hapa ni mambo 14 kuhusu kompyuta zinavyotabiri mvua, joto na miaka ijayo, yakitazamwa kutoka Shume.

1. Je, wajua kwamba Shume hutabiriwa pamoja na bahari?

Katika utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), mkoa wa Tanga hutajwa kundi moja na Dar es Salaam, Pwani, Unguja na Pemba. Ni ukanda wa pwani ya kaskazini. Kwa Pangani hapo hakuna ubishi. Lakini Shume nayo ni Tanga, na iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mwezi wa Julai koti halivuliwi hata ndani ya nyumba. Mvuvi wa Pangani na mkulima wa karoti wa Shume wanasomewa sentensi ileile.

Miaka ya karibuni TMA imekuwa ikitoa pia utabiri wa msimu wa ngazi ya wilaya. Hata hivyo, Lushoto peke yake ina hali ya hewa zaidi ya moja: Mng'aro na Lunguza, kule tambarare ya Umba, watu wanatafuta kivuli saa ambayo Shume wanatafuta jua.

2. Je, wajua kwamba kompyuta hailitazami wingu, bali inalipigia hesabu?

Modeli ya hali ya hewa huikata anga vipande, mfano wa matofali yaliyopangwa kutoka ardhini hadi juu kabisa. Kila tofali lina namba zake: joto, unyevu, mgandamizo wa hewa, kasi ya upepo na uelekeo wake. Kisha zinaingia kanuni za fizikia, zilezile zinazoeleza kwa nini mvuke hupanda kutoka kwenye sufuria na kwa nini jiwe huporomoka mlimani. Mnorwei Vilhelm Bjerknes alieleza mwaka 1904 kwamba anayejua hali ya anga ya sasa na kanuni hizo anaweza kuihesabu hali ijayo.

Kompyuta hujiuliza: dakika chache kutoka sasa, kila tofali litakuwaje kwa sababu ya majirani zake? Ikishajibu, inauliza tena kuanzia pale ilipofika, na tena, mpaka ifike kesho, keshokutwa, siku ya 10. Namba za kuanzia hutoka kwenye vituo vya ardhini, maputo, meli, maboya, ndege za abiria na setilaiti. Kizazi kipya cha setilaiti za Meteosat, ambacho setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Desemba 2022, huipiga picha Afrika yote kila baada ya dakika 10. TMA imekuwa ikiendesha modeli zake pia, zikiwemo WRF iliyozaliwa Marekani na COSMO iliyotoka Ulaya.

3. Je, wajua kwamba Usambara Magharibi yote inaweza kumezwa na kisanduku kimoja?

Modeli nyingi za dunia zinazotumika kukadiria tabianchi ya miaka 50 au 100 ijayo zina visanduku vyenye upana wa takribani kilomita 100. Usambara Magharibi haifikii urefu huo. Kwa hiyo msitu wa Magamba, mashamba ya mkonge ya Mombo, nyika ya Mkomazi na viazi vya Shume vinaweza kujikuta chumba kimoja, vikipewa mwinuko mmoja, joto moja na mvua moja. Kompyuta inakuwa imetabiri kijiji cha wastani, na kijiji hicho hakina mkazi hata mmoja.

Modeli za utabiri wa siku chache zina visanduku vidogo zaidi. Ile ya kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, kwa miaka mingi imekuwa na visanduku vya takribani kilomita 9. Je, kilomita 9 ni kidogo? Wajerumani walipotaka kuteremsha magogo ya mwangati kutoka Neu-Hornow, yaani Shume ya leo, hadi reli ya Mkumbara, walitandika waya wa kubebea mizigo wenye urefu wa takribani kilomita 9, ukishuka kama mita 1,500. Ulikuwa ukifanya kazi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi kila unapopanda mita 1,000. Gogo lililopakiwa kwenye ukungu wa Shume lilifika Mkumbara likiwa limevuka karibu nyuzi 10 za joto, na safari yake nzima ingeingia kwenye kisanduku kimoja cha modeli ya kisasa.

4. Je, wajua kwamba kimbunga ni rahisi kutabiri kuliko mvua ya saa 10 jioni?

Kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, taarifa za TMA zilitangulia siku kadhaa kabla hakijafika karibu na kisiwa cha Mafia tarehe 4. Kimbunga ni mnyama mkubwa: kinatanda juu ya mamia ya kilomita na kugusa visanduku vingi kwa wakati mmoja, hivyo kompyuta inakiona kikijongea.

Wingu la Shume ni jambo jingine. Linazaliwa mchana upepo unapogonga mteremko, linamwaga mvua ya nusu saa kwenye bonde moja, na bonde la pili linabaki kavu. Kwa modeli yenye visanduku vikubwa, wingu hilo halipo. Kompyuta hulikisia kwa kanuni za jumla, kama mtu anayekadiria idadi ya maharage kwa kupima uzito wa gunia.

Rangi za tahadhari nazo ni vizuri kuzijua. Kwa TMA, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa.

5. Je, wajua kwamba utabiri wa kwanza wa hesabu ulichukua wiki 6 na ukakosea vibaya?

Juni 1916 majeshi ya Uingereza yalikuwa yameingia Wilhelmstal, mji ambao leo ni Lushoto, yakimfukuza Mjerumani. Katika vita hiyohiyo, huko Ufaransa, Mwingereza aitwaye Lewis Fry Richardson alikuwa akiendesha gari la kubeba majeruhi. Alikuwa wa madhehebu ya Quaker na hakutaka kushika bunduki. Wakati wa mapumziko alikaa kwenye rundo la majani makavu na kupiga hesabu, kwa mkono, ya hali ya hewa ya siku iliyokwishapita: Mei 20, 1910.

Utabiri wa saa 6 tu ulimchukua takribani wiki 6. Hesabu ikasema mgandamizo wa hewa ungepanda kwa milibari 145, badiliko ambalo halijawahi kuonekana duniani, wakati siku yenyewe kipimo hakikusogea sana. Mwaka 1917 daftari likapotea vitani, likaja kuokotwa nchini Ubelgiji chini ya lundo la makaa ya mawe. Richardson hakuona haya. Mwaka 1922 alichapisha kitabu kizima chenye kosa lake ndani, na humo akawaza ukumbi wa watu 64,000 wakipiga hesabu pamoja ili waende sambamba na hali ya hewa ya dunia.

Baadaye wataalamu walibaini kwamba kanuni zake zilikuwa sawa. Kilichomwangusha ni namba za kuanzia, ambazo hazikuwa zimelainishwa zikapatana. Kosa dogo la mwanzoni lilikuwa limekua njiani.

6. Je, wajua kwamba kompyuta ya kwanza ilitabiri kesho baada ya kesho kukaribia kufika?

Mwaka 1950 Jule Charney, Ragnar Fjørtoft na John von Neumann waliitumia ENIAC, kompyuta ya Marekani iliyojaza chumba, kutabiri saa 24 zijazo. Kazi hiyo ilihitaji karibu saa 24, pamoja na kuhamisha kadi za matundu kwa mikono. Wakati mashine ilipomaliza kusema kesho itakuwaje, ungeweza kufungua dirisha na kuiona. Tangu wakati huo mwendo umekuwa wa kinyonga lakini haurudi nyuma: kwa kila miaka 10 hivi, utabiri umekuwa ukiongeza siku moja ya kuaminika.

7. Je, wajua kwamba desimali tatu zilizoachwa zilizaa kipepeo maarufu?

Majira ya baridi ya mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alitaka kurudia hesabu aliyokwisha kuifanya. Badala ya kuingiza 0.506127 akaingiza 0.506, kisha akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ndani ya kompyuta ilikuwa imechukua njia nyingine kabisa. Mwaka 1972 alitoa mhadhara uliouliza kama kipepeo akipiga mbawa Brazil anaweza kuanzisha kimbunga cha nchi kavu (tornado) huko Texas. Wenyeji wa Amani, Usambara Mashariki, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakifuga vipepeo na kuuza nje pupa wao, wanaweza kujiuliza walisafirisha vimbunga vingapi.

Somo la Lorenz lilibadilisha kazi nzima. Kwa kuwa hakuna anayeijua hali ya sasa bila kasoro, vituo vikubwa huendesha modeli mara nyingi, kila mara vikitikisa kidogo namba za kuanzia. ECMWF hutoa matokeo 51 ya siku ileile. Kama 35 kati ya hayo yana mvua, uwezekano wa mvua ni karibu asilimia 70. Kwa hiyo anayesikia asilimia 70 asifikirie kwamba mvua itanyesha kwenye asilimia 70 ya shamba. Ajue kwamba kompyuta iliiishi siku yake mara nyingi, na kati ya kila mara 10, mara 7 alirudi nyumbani amelowa.

8. Je, wajua kwamba vuli hutabirika kuliko masika?

Mkulima wa Lushoto huhesabu masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na katikati yake mluati, ile mvua nyepesi ya majira ya baridi. Kwa kompyuta, misimu hii hailingani.

Vuli ina bwana wake, naye ni bahari. Maji ya Pasifiki yanapopata joto lisilo la kawaida, yaani El Niño, na maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakawa ya moto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli ya Afrika Mashariki huwa nzito. Mchezo huo wa pande mbili za Bahari ya Hindi ulielezwa rasmi na wanasayansi mwaka 1999 tu, ingawa mvua za 1997 zilikuwa zimeshawaonjesha watu. Uliwarudia mwaka 2019 na 2023. Kwa kuwa bahari hubadilika polepole, kompyuta inaweza kuiona vuli inakuja miezi kadhaa mapema.

Masika hayana bwana mmoja. Yanasukumwa na mambo mengi madogo yanayobadilika wiki kwa wiki. Ndiyo maana wataalamu wa nchi za ukanda huu hukutana mara 3 kwa mwaka chini ya ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kilichopo Kenya, kulinganisha modeli zao kabla ya kila msimu. Vikao hivyo vilianza mwaka 1998.

Na maneno "wastani hadi juu ya wastani" yanatoka wapi? Misimu ya miaka 30 hivi iliyopita hugawanywa mafungu 3: yenye mvua chache, ya kati na yenye mvua nyingi. Utabiri unakuambia msimu ujao unaelekea fungu lipi. Haukuambii mvua itaanza kunyesha Jumanne.

9. Je, wajua kwamba rangi ya majani iliwahi kusoma mvua ya Shume, na mvua ikasimulia tauni?

Kuanzia mwaka 1980 hadi 2004, tauni iliisumbua Lushoto na kuacha wagonjwa zaidi ya 7,000. Vijiji vya ukanda wa Shume vilikuwa miongoni mwa vilivyoumia. Ugonjwa huo hubebwa na viroboto wa panya, na watafiti walitaka kujua kama mvua ina mkono wake humo. Tatizo likawa lilelile la siku zote mlimani: vipima mvua ni vichache, na kumbukumbu zake zina mapengo.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wataalamu wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wa Ubelgiji waliuzunguka ugumu huo. Walichukua picha za setilaiti zinazopima ukijani wa mimea, wakazifungamanisha na makadirio ya mvua yaliyotoka kwenye setilaiti nyingine, kisha wakajenga upya ramani ya mvua ya milima hii kwa visanduku vya kilomita 1. Walipoweka idadi ya wagonjwa kando ya ramani hiyo, ikaonekana kwamba tauni ilikuwa ikipanda takribani miezi 2 baada ya mvua kubwa.

Huo ni utabiri wa aina yake. Mvua ikishanyesha, zahanati inakuwa na muda wa kujiandaa kabla panya na viroboto hawajafanya kazi yao.

10. Je, wajua kwamba viazi vina modeli yao ya hali ya hewa?

Ugonjwa wa ukungu unaobabua majani ya viazi na nyanya ndio uliosababisha njaa kubwa ya Ireland katika miaka ya 1840. Vimelea vyake havihitaji mvua kubwa. Vinataka ubaridi kiasi na unyevu unaokaa. Huko Uingereza, tangu miaka ya 1950, wakulima wamekuwa wakionywa kwa kanuni fupi ambayo mwaka 2017 ilirekebishwa hivi: siku 2 mfululizo ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 10, na kila siku kukawa na angalau saa 6 za unyevu wa asilimia 90 au zaidi. Masharti hayo yakitimia, kompyuta inatuma onyo.

Mkulima wa Shume akiyasoma masharti hayo atacheka. Saa 6 za ukungu kwake ni asubuhi ya kawaida. Lakini hapo ndipo faida ya modeli ilipo. Mahali ambapo hatari iko karibu kila wiki, kujua ni siku zipi chache ambazo haipo kunaokoa dawa na fedha.

11. Je, wajua kwamba kompyuta isiyojua Jumatatu ijayo inaweza kuzungumzia mwaka 2050?

Wengi huuliza: kama hawaijui mvua ya wiki mbili zijazo, watajuaje tabianchi ya nusu karne? Chukua mfano wa sokoni. Huwezi kujua gunia la viazi litauzwa bei gani Kariakoo Alhamisi ijayo, lakini unajua bei itashuka Shume, Lukozi na Njombe wakivuna pamoja. Utabiri wa hali ya hewa unaulizia Alhamisi. Tabianchi inaulizia msimu, na inataka kujua nini kinausukuma.

Mwaka 1967 Syukuro Manabe, mzaliwa wa Japani aliyefanya kazi Marekani, pamoja na Richard Wetherald, walitumia modeli nyepesi kuhesabu kwamba hewa ya kaboni dayoksaidi ikiongezeka maradufu, uso wa dunia utapata joto la zaidi ya nyuzi 2. Kompyuta yao ilikuwa na nguvu ndogo kuliko simu ya mkononi ya leo. Mwaka 2021 Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, akishirikiana na Klaus Hasselmann na Giorgio Parisi.

12. Je, wajua kwamba wakulima wa Yamba walisafiri kwenda kuitembelea kesho yao?

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mpango wa utafiti wa CCAFS, uliokuwa ukishughulikia tabianchi na kilimo, ulifanya jambo ambalo kwenye hadithi lingeitwa uchawi. Waliuliza modeli: tabianchi ambayo kijiji cha Yamba, Lushoto, kinatarajiwa kuwa nayo miaka ijayo, leo iko wapi Tanzania? Kompyuta ikapekua ramani na kutaja maeneo. Wakulima wa Yamba wakapandishwa gari hadi nyanda za juu kusini, pande za Njombe na Mbinga, wakaongea na wakulima wenzao.

Badala ya kuoneshwa mchoro wenye mistari inayopanda, walishika udongo. Waliona watu wanaishi, wanavuna na wanahangaika katika hali ambayo huenda ikawa yao. Kati ya njia zote za kusoma matokeo ya modeli, hiyo ndiyo pekee inayohitaji nauli ya basi.

13. Je, wajua kwamba modeli na masika wana ugomvi wao?

Modeli nyingi za dunia zinasema masika ya Afrika Mashariki yatakuwa na mvua nyingi zaidi karne hii. Vipimo vya ardhini vikaonesha kinyume: tangu miaka ya 1980 na kwa miongo kadhaa, masika yalipungua. Mwaka 2015 watafiti walikipa kitendawili hicho jina lake, na hadi leo kinajadiliwa. Huenda kupungua kulikuwa kwa muda. Huenda modeli zinakosea jinsi bahari inavyopata joto. Na huenda visanduku vikubwa vinazika milima yetu.

Ndiyo sababu mwaka 2018 wataalamu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza walitoa modeli ya Afrika nzima yenye visanduku vya kilomita 4.5. Kwa ukubwa huo, mawingu ya radi huanza kujijenga yenyewe ndani ya kompyuta badala ya kukisiwa. Matokeo yalionesha siku zijazo zenye vishindo viwili: mvua kubwa zinakuwa kubwa zaidi, na katikati ya msimu wa mvua siku kavu zinarefuka. Kwa anayelima mteremkoni, vishindo hivyo viwili vina majina ya nyumbani: mmomonyoko na mbegu kuozea ardhini au kukauka.

Usambara ilikuwa na lugha ya mambo haya kabla ya kompyuta. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu Wasambaa, aliandika juu ya semi mbili za Kisambaa: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme wa Wasambaa, aliyekaa Vugha, alipimwa kwa mvua. Nchi ikipata mvua, utawala uko sawa. Ikikauka, watu walitazama juu, kisha wakamtazama mfalme.

Na elimu ya dalili haijatupwa. Mwaka 2015 watafiti wa SUA na wenzao walichapisha kazi iliyoweka dalili za wazee wa Lushoto, kama kuchanua kwa miti na nyendo za ndege na wadudu, kando ya utabiri wa kisayansi. Magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi wa Bunyore, mashuhuri kwa mvua, umekaa meza moja na wataalamu wa hali ya hewa kutoa utabiri wa pamoja. Naye Ladislaus Chang'a wa TMA, ambaye mwaka 2010 alichapisha na wenzake utafiti juu ya dalili za asili za mvua nyanda za juu kusini magharibi, mwaka 2023 alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa IPCC, jopo la dunia la mabadiliko ya tabianchi.

14. Je, wajua kwamba milimita 10 za mvua kwenye ekari moja ni mapipa 200 ya maji?

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Ekari ina kama mita za mraba 4,047. Mvua ya milimita 10, ambayo mtu akiulizwa atasema "imenyesha kidogo", inamwaga zaidi ya lita 40,000 kwenye ekari, yaani mapipa 200 yale ya lita 200. Mteremko usio na matuta huyateremsha yote bondeni pamoja na mbolea.

Namba hiyo ndogo sasa ina thamani nyingine. Miaka ya karibuni zimekuja modeli za akili mnemba, kama GraphCast ya Google DeepMind, ambayo inatoa utabiri wa siku 10 kwa chini ya dakika moja. Februari 2025 ECMWF nayo iliingiza ya kwake kazini. Modeli hizi hazianzi na kanuni za fizikia. Zimejifunza kwa kusoma kumbukumbu za hali ya hewa za miongo kadhaa, kama mzee aliyeona masika mengi. Ila mzee hujifunza kwa aliyoyaona. Pale ambapo hapakuwa na kipimo, kumbukumbu zilizofundishia mashine hizo nazo ni makadirio ya modeli nyingine. Mradi wa TAHMO, unaoweka vituo vidogo vya hali ya hewa barani Afrika, vingi vikiwa kwenye viwanja vya shule, ulijiwekea lengo la vituo 20,000 kwa sababu hiyohiyo.

Lakini kuanza kupima hakuhitaji mradi. Kopo lenye pande zilizonyooka linatosha; liwekwe mahali pa wazi mbali na mti na paa. Kila siku saa 3 asubuhi, ambao ndio wakati vituo vyetu husoma vipimo vya mvua, chovya rula, andika milimita, mwaga maji. Ukungu wa Shume hautajaza kopo, lakini daftari litajaa.

Mkulima wetu aliye kando ya mafiga alitaka kujua kama mvua ya kesho itaosha dawa. Kopo halijui ya kesho. Linajua ya jana, na ya jana ndiyo hasa ambayo kompyuta za dunia huipata kwa shida kutoka Shume.